Rivolva ya kumfaa mke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wanaoishi Marekani, ambako raia hununua bastola dukani na ambako swali hili huulizwa kila siku mbele ya kaunta. Humu "rivolva" ni bastola ya silinda inayozunguka, na "bastola ya magazini" ni ile inayojipakia yenyewe. Kwa kuwa wanaouliza wengi ni waume, majibu mengi yanamsemesha mume. Mke akijisomea mwenyewe, ni bora zaidi.

Nataka kumnunulia iwe zawadi ya kushtukiza. Nichague ipi?

Usichague. Mpeleke dukani, kisha uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, achague mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kidole chako si chake, wala teke la bastola, kule kurudi nyuma kwake ikifyatuka, hulipokei wewe. Rivolva nyingi zinazouzwa tena zikiwa zimefyatua risasi tano tu zilinunuliwa hivi: mume aliona ndogo nyepesi, akasema "hii itamfaa", mke akaipiga silinda moja, akairudisha ndani ya boksi na hakuigusa tena.

Kama ni lazima pawe na zawadi, mlipie darasa la wanaoanza na saa mbili za kukodi bastola tofauti tofauti.

Kwa nini wauzaji wengi humwelekeza mwanamke kwenye rivolva?

Hoja yao ni kwamba rivolva haina sehemu ya juu ya kuvutwa nyuma kwa nguvu, na kwamba ni rahisi kujua kama ina risasi: unafungua silinda, unaona. Hoja zote mbili ni za kweli, ila zimeachwa nusu. Kuvuta sehemu ya juu ya bastola ya magazini ni ufundi zaidi kuliko nguvu. Anayeshindwa kwa vidole viwili mara nyingi huweza akishika kwa kiganja kizima na kusukuma mpini mbele kwa mkono wa pili. Tena zipo zilizoundwa mahsusi kwa mikono dhaifu, kama Smith & Wesson Shield EZ iliyotoka mwaka 2018.

Rivolva nayo ina ugumu wake, ila umekaa kwenye kifyatulio. Ndogo nyingi zinataka kuvutwa kwa uzito wa kati ya kilo 4.5 na 5.5, na ni kila risasi. Mwenye baridi yabisi ya vidole anaweza kukuta hilo ni gumu kuliko kuvuta sehemu ya juu mara moja. Kwa hiyo msifunge mjadala kabla hajajaribu zote mbili.

Ile ndogo nyepesi inayoingia mfukoni ina ubaya gani?

Haina ubaya kwa mpigaji mzoefu anayehitaji kuibeba kutwa. Kwa anayeanza, ndiyo ngumu kuliko zote.

Teke la bastola linategemea uzito wa bastola yenyewe na nguvu ya risasi. Ukipunguza uzito kwa nusu huku risasi ikibaki ileile, bastola itarudi nyuma kwa kasi mara mbili hivi, na nishati inayofika kiganjani itaongezeka kwa kiasi hichohicho. Smith & Wesson 642, yenye fremu ya aluminiamu, ina gramu 400 na ushei. Ruger LCR ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .38 ina gramu 380 hivi. Smith & Wesson 340PD ya fremu ya skandiamu ina takribani gramu 330, na inakubali risasi ya .357 Magnum; hata mpigaji mwenye kiganja kigumu huiweka chini baada ya silinda moja. Upande wa pili, Ruger SP101 ya chuma tupu ina gramu 700 na zaidi, na Ruger GP100 ya mtutu wa inchi 4 inazidi kilo moja. Risasi ya .38 ndani ya GP100 inasukuma kiganja. Risasi hiyohiyo ndani ya LCR inakipiga kofi.

Wepesi una shida ya pili ambayo dukani haisikiki. Bastola ya gramu 400 inayovutwa kwa uzito wa kilo 5 haitulii, kwa sababu kidole kinaivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kumi na zaidi, na mdomo wa mtutu unahama kabla nyundo, kile kipande kinachoigonga risasi, haijapiga. Ongeza mtutu mfupi wa inchi 2 hivi, wenye vilengeo vidogo vilivyokaribiana, na kila kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha. Anayeanza hukosa karatasi nzima kwa mita 5 na kujiona hana kipaji, kumbe amepewa chombo kigumu.

Kanuni yetu: kama itakaa nyumbani, nunua ya chuma yenye mtutu wa inchi 3 au 4. Kama ni ya kubebwa, nunua nzito kadiri atakavyovumilia kuibeba, kisha mwulize tena baada ya mwezi.

Nitajuaje kama inamtosha mkononi?

Muulize muuzaji kama anaruhusu kuvuta kifyatulio bastola ikiwa tupu, kwani wengine hawataki. Fungueni silinda, tazameni kila tundu, halafu mpitishe kidole kwenye matundu yote. Jicho likichoka, kidole hakidanganyi. Elekezeni mtutu upande ambao muuzaji ameuonyesha, usio na mtu.

Kisha ashike mpini juu kabisa, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikigusa sehemu ya juu ya mgongo wa mpini, na mtutu ukienda mstari mmoja na mfupa wa mkono wake. Akiwa hivyo, bila kuusokota mpini, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio hadi kiungo cha kwanza. Ncha ya kidole pekee ikigusa, bastola ni kubwa mno kwake. Ataivuta kwa kuipinda pembeni, na teke litaangukia kwenye mfupa wa kidole gumba.

Jaribio la mwisho ndilo linaloamua. Avute kifyatulio mara kumi mfululizo, mikono imenyooshwa, macho kwenye kilengeo cha mbele. Angalia kilengeo, usiangalie uso wake. Kikianza kutikisika mara ya nne au ya tano, au akianza kutumia vidole viwili, kifyatulio hicho ni kizito kwake leo. Baadaye anaweza kukizoea kwa mazoezi, lakini bastola hununuliwa kwa mkono wa leo.

Mpini wenyewe hubadilishwa kwa bei nafuu. Mpini wa mpira unaofunika chuma cha mgongoni na kumpa kidole kidogo mahali pa kukaa hupunguza maumivu sana. Mpini mfupi wa kuficha mfukoni huacha kidole kidogo kikining'inia. Kwa mkono mfupi hali hugeuka: mpira mnene wa mgongoni unamwongezea umbali wa kufikia kifyatulio.

Kaliba gani?

.38 Special ndiyo ya kuanzia kufikiria. Risasi zake zipo kila mahali, laini kwa kali, na bastola zake ni nyingi.

.357 Magnum ina faida moja kubwa: rivolva ya .357 inapiga .38 pia. Kinyume chake hapana, kwa kuwa ganda la .357 ni refu kwa milimita 3 na ushei, na liliongezwa urefu makusudi lisiingie kwenye silinda ya .38. Basi kununua rivolva ya chuma ya .357 na kuilisha .38 tu ni uamuzi mzuri, maana unapata fremu nzito na teke dogo. Ila safisha matundu ya silinda. Masizi ya .38 hujenga pete mbele ya mahali ganda linapoishia, na siku ukitia .357 haitaingia hadi mwisho.

.32 H&R Magnum na .327 Federal Magnum hazijulikani sana, nasi tunadhani zinapuuzwa bila haki. Ruger LCR ya .327 inabeba risasi sita mahali ambapo ya .38 inabeba tano, na inapiga pia .32 H&R na .32 S&W Long, ambayo ni laini mno. Tatizo ni upatikanaji wa risasi. Piga simu maduka ya mjini kwako kwanza.

.22 LR haina teke la kusumbua na risasi zake ni za bei ya chini, hivyo hakuna ya kujifunzia kuishinda. Kwa kujilinda ina kasoro mbili. Fataki yake (kiwashio cha baruti) imo ndani ya ukingo wa ganda na hushindwa kuwaka mara nyingi kuliko risasi yenye fataki ya katikati. Pia kifyatulio cha rivolva za .22 mara nyingi ni kizito zaidi, kwa sababu ukingo huo unataka pigo kali. Hata hivyo, mwenye mkono usioweza kitu kingine, akiweka risasi zote nane za LCR ya .22 ndani ya sahani kwa mita 5, amejilinda kuliko aliye na .357 asiyoigusa.

Kifyatulio ni kizito. Fundi anaweza kukilegeza?

Anaweza, na hapo ndipo wengi huharibu. Kubadilisha springi ni kazi ya dakika chache, lakini springi laini hufanya nyundo ipige fataki kwa udhaifu, na risasi isiwake. Springi ikibadilishwa, piga angalau risasi 50 za aina ileile atakayoitegemea. Moja tu ikikataa kwa pigo hafifu, rudisha springi ya kiwandani. Njia salama zaidi ni kusugua na kulainisha sehemu za ndani zinazokutana, kazi ya fundi aliyesomea, au kuvuta kifyatulio mara elfu moja na risasi bandia ndani. Kidole kinapata nguvu, na chuma kinalainika chenyewe.

Rivolva za .22 usizivute zikiwa tupu bila kusoma kitabu chake. Katika baadhi yake pini hugonga ukingo wa tundu na kuuumiza.

Nyundo ya nje au iliyofichwa?

Iliyofichwa, kama itabebwa. Nyundo ya nje hunasa kwenye nguo. Tena inamshawishi mtu kuikokota kwanza ili kifyatulio kiwe chepesi, na bastola iliyokokotwa mikononi mwa mtu mwenye hofu hufyatuka kwa mguso mdogo. Kuishusha nyundo hiyo bila kufyatua ni kazi ya hatari hata kwa aliyetulia. Ya nyumbani ikiwa na nyundo ya nje si kosa, mradi afundishwe kuvuta moja kwa moja.

Siku ya kwanza tufanye nini?

Kinga ya masikio mara mbili: vipachiko vya ndani na vifuniko vya nje. Mlio wa .38 yenye mtutu mfupi hupita desibeli 150, na ndani ya ukumbi unarudi kutoka kila ukuta. Watu wengi wanaodhani wanaogopa teke kwa kweli wanaogopa mlio. Miwani ya kinga ni lazima pia.

Anzeni na .22 kama ipo. Kisha .38 ya kichwa bapa cha grain 148 (grain ni kipimo cha uzito), ambayo ndiyo laini kuliko za kawaida. Kwenye bastola ya chuma ni kama kusukumwa. Mara ya kwanza mtie risasi moja tu, ya pili mbili, ndipo silinda nzima. Boksi moja la risasi 50 linatosha kwa siku, na kama mkono umeanza kutetemeka kwenye ya 30, acheni hapo. Karatasi iwe mita 3 hadi 5. Risasi zenye alama ya +P (zenye shinikizo kubwa kuliko kawaida) mziache hadi miezi ijayo, na kwanza mhakikishe kitabu cha bastola kinaziruhusu.

Aliyejifunzia bastola ya magazini aonywe jambo moja kabla ya kupakia. Vidole gumba visinyooshwe mbele kando ya silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba, na kila risasi hurusha humo gesi ya moto na chembe za risasi zinazoweza kuchana ngozi. Gumba likunjwe chini, juu ya lile la mkono wa pili.

Mume asiwe mwalimu. Hili tunalisema kwa upole, lakini tunalisema.

Ni kweli rivolva haikwami?

Hukwama mara chache, lakini ikikwama huwa imekwama kwelikweli. Sababu tunazokutana nazo ni hizi.

Chembe za baruti isiyoungua huingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje. Nyota haikai sawa, silinda inakaza, kifyatulio kinakuwa kizito ghafla au silinda haifungi. Dawa ni kutoa maganda mdomo ukiwa umeelekezwa juu, kwa pigo moja la nguvu la kiganja, na kupiga mswaki chini ya nyota kila baada ya mazoezi. Kwenye mitutu mifupi kijiti cha kutolea maganda nacho ni kifupi, kwa hiyo ukikisukuma polepole ganda moja hubaki nusu na kuteleza chini ya nyota. Hapo utahitaji utulivu na kucha.

Katika bastola nyepesi mno, teke huwa kali kiasi kwamba kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa huchomoka kidogo kidogo kutoka kwenye ganda, hadi kinatokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Pima hivi: tia risasi tano, piga nne, toa ya tano na uilinganishe na mpya. Ikiwa imerefuka, usiitumie aina hiyo kwenye bastola hiyo.

Kosa la kidole nalo ni la kawaida. Akipiga haraka asiachie kifyatulio kirudi hadi mwisho, silinda inaweza kupita tundu lenye risasi au kifyatulio kikagoma. Aambiwe kukirudisha chote.

Na mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, asipige tena. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ya pili itaupasua. Fungua, toa risasi zote, tazama mtutu ukiwa na mwanga.

Anaweza kuibeba kwenye mkoba?

Anaweza, lakini ni chaguo la mwisho. Mkoba huwekwa chini, huning'inizwa kwenye kiti, huporwa, na watoto hutafuta pipi humo. Kama ni mkoba, uwe na chumba chake peke yake chenye zipu, bastola ikiwa ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Funguo au kijiti cha rangi ya mdomo kikiingia kwenye kifyatulio, kilo 5 si nyingi mtu akivuta bastola kwa haraka. Kwa avaaye dera au buibui, mkanda mpana wa tumboni wenye ala ndani yake hukaa vizuri kuliko mkoba, ila afanye mazoezi ya kuitoa ikiwa tupu na nguo hiyohiyo, kwani kitambaa kirefu hakikunjwi juu kwa mkono mmoja.

Tuna watoto.

Basi sefu inunuliwe siku moja na bastola. Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhi, na chini ya godoro ndipo mtoto anapoanza kutafuta. Uzito wa kifyatulio si kinga. Mtoto mdogo hugeuza bastola na kukisukuma kwa vidole gumba viwili. Sefu ndogo ya namba za kubonyeza, iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au kabati, hufunguka gizani kwa sekunde chache kama mke amejizoeza. Jaribuni betri kila mwezi. Ikiwa haibebwi wala haimo kwenye sefu, waya wa kufuli upitishwe ndani ya fremu silinda ikiwa wazi, isiweze kufungwa.

Ni mjamzito. Aendelee na mazoezi?

Asiende uwanjani hadi ajifungue, na azungumze na daktari wake kuhusu kunyonyesha pia. Vumbi la madini ya risasi (lead) hutoka kwenye fataki na kwenye kichwa cha risasi, na madini hayo huvuka kondo la nyuma. Kinga ya masikio ya mama haimkingi mtoto tumboni. Mazoezi ya nyumbani kwa risasi bandia yanatosha kipindi hicho. Mume anayeendelea anawe kwa maji baridi na sabuni, aache viatu nje, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Kisheria nani anunue, mimi au yeye?

Njia safi ni yeye mwenyewe kujaza fomu ya shirikisho namba 4473 kwa muuzaji mwenye leseni. Awe na miaka 21 au zaidi kwa bastola. Ukinunua kwa pesa yako na kumpa zawadi halisi, naye si mtu aliyezuiwa, sheria ya shirikisho inaruhusu. Lakini akikupa pesa umnunulie kwa jina lako, wewe si mnunuzi halisi, na kuandika kwenye fomu kwamba ndiwe ni kosa la jinai, hata kama naye angeruhusiwa kununua. Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hivyo mwaka 2014 katika kesi ya Abramski, aliyemnunulia mjomba wake asiyekuwa na kizuizi chochote. Kumnunulia aliyezuiwa ni zito zaidi: sheria ya 2022 imeweka kifungo cha hadi miaka 15.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Aliyehukumiwa kwa ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, amezuiwa tangu marekebisho ya 1996. Kama aliyezuiwa ni wewe mume, bastola ya mkeo iliyo mahali unapoweza kuifikia inaweza kukutia wewe hatiani.

Juu ya hayo kila jimbo lina yake. Illinois inataka kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye silaha), California ina siku 10 za kungoja, New Jersey inataka kibali cha kila bastola, na New York huiandika bastola kwenye leseni ya mwenyewe. Msisome sheria ya jimbo la shemeji. Someni ya kwenu.

Wakati gani tusinunue kabisa?

Asipotaka. Mtu asiyetaka bastola hatafanya mazoezi, na bastola isiyofanyiwa mazoezi ni ya atakayeikuta kwanza. Vilevile kama kuna mtu nyumbani mwenye sonona, pombe iliyozidi au ugomvi uliofika kwenye vitisho. Bastola iliyopo tayari wakati huo itolewe nje ya nyumba kwa njia halali. Maduka mengine na vituo vingine vya polisi hupokea kuhifadhi. Namba ya msaada wa kuzuia kujiua nchini Marekani ni 988, na hupokea simu saa zote.

Iliyotumika inafaa?

Sana. Smith & Wesson Model 10 ya zamani, yenye mtutu wa inchi 4 na risasi sita za .38, ni miongoni mwa rivolva nzuri za nyumbani kwa bei yoyote, na nyingi ziliwahi kuwa za polisi: nje zimechakaa kwa ala, ndani hazijapigwa sana. Ikiwa tupu, vuta kifyatulio polepole huku kidole kikiizuia silinda kidogo. Lazima ijifunge kabla nyundo haijaanguka, kwa kila tundu. Shika kifyatulio nyuma na ujaribu kuitikisa silinda. Mchezo mdogo si kitu, ila ikigonga mbele na nyuma, iache. Upenyo wa mbele ya silinda uwe kati ya milimita 0.1 na 0.25 hivi.

Tunarudi nyumbani Kenya au Tanzania. Aje nayo?

Asiipakie kwenye sanduku akidhani hati za Marekani zitamsaidia. Huko leseni hutolewa na mamlaka za huko kwa mtu aliyetajwa jina na silaha iliyotajwa namba, na leseni ya mume haimruhusu mke kuibeba silaha hiyo. Aiache kwenye sefu, au aiuze kupitia muuzaji mwenye leseni kabla ya safari.